Sura ya Sita: Taimingi ya Injini ya Gokati na Bei ya Kuongeza Nguvu

Swali linalorudi mara kwa mara miongoni mwa watu wanaoshindana kwa gokati kama burudani ya mwisho wa wiki ni hili: injini imepungua nguvu, je, taimingi imehama, na kama ni hivyo, si afadhali kununua vipuri vya kuongeza nguvu mara moja badala ya kuhangaika na vilivyopo? Hayo kwa hakika ni maswali mawili, na kuyachanganya kunamfaidi muuza vipuri peke yake, kwa kuwa mtu asiyejua kasoro ilipo hununua vingi kuliko anayejua.

Gokati ni gari dogo la fremu ya mabomba, lisilo na bodi wala springi, ambalo dereva wake hukaa sentimita chache juu ya lami huku injini ikiwa ubavuni au nyuma yake. Asili yake ni California, ambako Art Ingels, fundi wa magari ya mashindano, alitengeneza la kwanza mwaka 1956 kwa kutumia injini ndogo ya West Bend, ya aina iliyokusudiwa mashine za kukata nyasi. Desturi hiyo ya kuazima injini ya kazi na kuipeleka mashindanoni haijafa. Hadi leo madaraja mengi ya vilabu nchini Marekani hutumia injini ya mipigo minne, yaani injini ambayo pistoni yake huvuta, hugandamiza, husukumwa na moto, kisha hutoa moshi, yenye ujazo wa sentimita 196, na kielelezo chake ni Honda GX200 pamoja na nakala zake nyingi zinazotengenezwa China. Mkulima wa Afrika Mashariki anaifahamu injini hiyo kwenye pampu ya kumwagilia, na mjenzi anaifahamu kwenye mashine ya kushindilia ardhi; ndiyo maana imechaguliwa kuwa mfano mkuu wa sura hii, kwa sababu fundi anayeijua kwenye pampu tayari anaijua kwenye gokati kwa sehemu kubwa.

Cheche hutangulia pistoni

Taimingi ya moto ni wakati ambao plagi hutoa cheche ikilinganishwa na mahali pistoni ilipo. Wakati huo haupimwi kwa saa bali kwa pembe ya krenki, yaani mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka kuwa mzunguko. Mzunguko mzima una nyuzi 360, na pistoni inapofika juu kabisa mahali hapo huitwa kilele. Mtengenezaji akiandika kwamba taimingi ni nyuzi 20 kabla ya kilele, maana yake ni kwamba cheche hutoka krenki ikiwa imebakiza nyuzi 20 kabla pistoni haijafika juu.

Wanaoanza hushangaa kwa nini moto uwashwe wakati pistoni bado inapanda, ilhali kazi ya moto huo ni kuisukuma ishuke. Sababu ni kwamba mchanganyiko wa petroli na hewa hauwaki wote kwa mara moja. Mwali huanzia kwenye plagi na kusambaa, na kusambaa huko kunahitaji muda ili kani kubwa zaidi ya gesi ifikie pistoni ikiwa imekwisha kupita kilele kidogo na kuanza kushuka. Muda wenyewe ni mfupi mno. Injini ikizunguka mara 3,600 kwa dakika, nyuzi 20 hupita katika muda usiofika elfu moja ya sekunde, na ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, muda huo hupungua hadi karibu nusu ya elfu moja ya sekunde. Ni kweli kwamba mwendo ukiongezeka hewa huvurugika zaidi ndani ya silinda na mwali hukimbia upesi, lakini mwanzo wa kuwaka hauharakishwi kwa kiwango hicho hicho, na kwa hiyo injini inayozunguka kasi zaidi huhitaji cheche itangulie zaidi.

Cheche ikichelewa, sehemu ya moto huwaka pistoni ikiwa imekwisha kushuka, na joto ambalo lingegeuka kuwa nguvu hutoka kwa njia ya ekzosi. Cheche ikiwahi kupita kiasi, gesi huanza kusukuma pistoni ambayo bado inapanda, mfano wa watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja ambapo mmoja anashusha mchi kabla mwenzake hajauinua wake: nguvu za wote wawili hupotea, na kinu huumia. Hasara hizo mbili hazilingani. Kuchelewa hupunguza nguvu na kuchosha ekzosi, lakini kuwahi kunaweza kutoboa pistoni, na mtu anayebahatisha ana sababu nzuri ya kubahatisha upande wa kuchelewa.

Flaiwili, kii na koili

Katika injini hizi ndogo hakuna betri wala kompyuta. Mwishoni mwa krenki hufungwa flaiwili, yaani gurudumu zito la chuma lenye sumaku ukingoni, na pembeni yake hukaa koili, ambayo ni kifaa kinachogeuza mpito wa sumaku kuwa umeme wa kutosha kurusha cheche kwenye plagi. Sumaku inapopita mbele ya koili, cheche hutoka, na kwa kuwa krenki huzunguka mara mbili kwa kila moto mmoja wa kazi, cheche moja kati ya mbili hutoka bure wakati moshi unatolewa.

Kwa mpangilio huo taimingi imefungwa na mambo mawili tu: mahali koili ilipofungwa na mahali flaiwili ilipokaa juu ya krenki. Koili haina nafasi ya kusogezwa pembeni. Flaiwili nayo huwekwa mahali pake na kii, yaani kipande kidogo cha chuma kinachoingia nusu katika mfereji wa krenki na nusu katika mfereji wa flaiwili.

Hapa pana kosa la uelewa ambalo limeharibu krenki nyingi. Wengi huamini kwamba kii ndiyo inayoishikilia flaiwili isiteleze. Sivyo. Flaiwili hushikwa na msuguano wa koni mbili, ile ya krenki na ile ya tundu la flaiwili, zinazobanwa pamoja na nati. Kii huonyesha tu mahali pa kukaa wakati wa kufunga. Koni ikiwa na mafuta, kutu au vumbi, au nati ikiwa haijakazwa kwa kipimo, mzigo wote huhamia kwenye kii, ambayo haikutengenezwa kuubeba, na kii hiyo hupondeka au hukatika. Kwa GX200 nati hukazwa kwa nyutoni-mita 75, na kipimo hicho hupatikana kwa spana ya kupimia, si kwa kusikilizia mkono.

Ukubwa wa madhara unaweza kukadiriwa kwa hesabu nyepesi. Mahali kii inapokaa, krenki ina kipenyo cha karibu milimita 20, kwa hiyo mzingo wake ni kama milimita 63, na kila uzi mmoja wa pembe ni karibu milimita 0.17. Kii iliyopondeka nusu milimita tu, kiasi ambacho jicho la haraka halikioni, tayari imehamisha taimingi kwa nyuzi 3 hivi.

Mwelekeo wa kuhama nao una maana. Mnyororo ukikwama na krenki ikasimama ghafla huku klachi imeshika, flaiwili nzito huendelea na mwendo wake kidogo, sumaku hutangulia mbele ya mahali pake, na tangu siku hiyo cheche huwahi. Ndiyo sababu injini iliyopata mkwamo wa namna hiyo mara nyingi huanza kuvuta kamba ya kuwashia mkononi mwa mtu. Nati iliyolegea, kwa upande mwingine, inaweza kuipeleka taimingi upande wowote, na hata kuibadilisha kutoka mzunguko mmoja wa uwanja hadi mwingine.

Kwa ufupi: katika injini ya aina hii taimingi haihami yenyewe kwa uzee. Ikiwa imehama, basi kuna kii iliyoumia, koni iliyoteleza, nati iliyolegea, au koili inayokufa.

Kabla ya kuilaumu taimingi

Injini nyingi zinazosemwa kuwa na taimingi mbovu zina breki inayobana. Hili si mzaha. Gurudumu la nyuma likiinuliwa, mnyororo ukatolewa na ekseli ikazungushwa kwa mkono, inatakiwa izunguke kwa wepesi. Isipofanya hivyo, tatizo liko kwenye breki, kwenye beringi au kwenye fremu iliyopinda, na hakuna kipuri cha injini kitakachoondoa mzigo huo. Vivyo hivyo klachi inayoteleza humfanya dereva asikie injini ikilia kwa kasi bila gari kwenda, na yeye hutafsiri sauti hiyo kuwa udhaifu wa moto.

Baada ya hapo huja mambo ya injini yenyewe, ambayo hayagharimu zaidi ya muda wa jioni moja:

- Plagi itolewe na kutazamwa. Mwanya wake katika GX200 ni milimita 0.7 hadi 0.8.
- Nafasi ya valvu ipimwe kwa fila geji injini ikiwa baridi: milimita 0.15 kwa valvu ya kuingiza na 0.20 kwa ya kutoa. Valvu isiyofunga vizuri hupoteza mgandamizo, na mgandamizo uliopotea hufanana sana na taimingi iliyochelewa.
- Waya wa kuzimia uchomolewe kwa muda kutoka kwenye koili. Waya huo ukichubuka na kugusa fremu, injini hukosa moto kila inapotikisika.
- Mwanya kati ya koili na flaiwili upimwe. Kipimo cha Honda ni milimita 0.4, kikiruhusiwa kupungua au kuzidi kwa 0.2, na mafundi wasio na geji hutumia kadi ya biashara, ambayo unene wake hukaribia hapo.

Nakala za Kichina hufuata vipimo hivi kwa karibu lakini si zote, na kitabu kilichokuja na injini ndicho chenye neno la mwisho. Kabureta haikutajwa katika orodha kwa sababu kila mtu huanza nayo bila kuambiwa, na mara nyingi huiacha ikiwa mbaya kuliko alivyoikuta.

Dalili na namna zinavyodanganya

Injini yenye cheche inayochelewa huwa nzito kupanda mwendo, hupandisha joto la ekzosi hadi bomba kuwa jekundu wakati wa jioni, na pengine hupiga mlipuko ndani ya silensa dereva anapoachia mafuta. Yenye cheche inayowahi hurudisha kamba wakati wa kuwasha, hupata joto kali kichwani, na ikibebeshwa mzigo hutoa mlio mkavu wa kugonga, ambao ni sauti ya mchanganyiko unaowaka wenyewe kabla mwali haujaufikia. Mlio huo ukisikika, mbio zisimamishwe, kwa sababu uharibifu huja kwa mizunguko michache.

Tatizo ni kwamba dalili hizi karibu zote zina wazazi wengine. Bomba jekundu huletwa pia na mchanganyiko wenye petroli kidogo, mlio wa kugonga huletwa na petroli duni au masizi yaliyojaa kichwani, na milipuko ya silensa huletwa na gasketi ya ekzosi inayovuja. Dalili moja peke yake haimwambii fundi kitu. Mbili zinazoelekea upande mmoja humpa sababu ya kupima. Kuna moja tu iliyo karibu na uhakika: injini inayowaka vizuri ikiwa baridi, ikazima baada ya dakika kadhaa za mbio, ikakataa kabisa kuwaka, kisha ikawaka tena ilipopoa, huwa na koili iliyokatika ndani. Waya mwembamba wa koili hutanuka kwa joto, mkato hufunguka, na cheche hupotea. Koili ya namna hiyo haina dawa isipokuwa kubadilishwa.

Kupima badala ya kukisia

Kipimo chochote cha taimingi huanza kwa kujua kilele kiko wapi, na hapo ndipo wengi hukosea. Njia ya kawaida ya kuingiza bisibisi katika tundu la plagi na kusubiri iache kupanda haifai, kwa sababu pistoni karibu na kilele huenda polepole mno: katika injini yenye mwendo wa pistoni wa milimita 54, nyuzi 5 za mwisho za krenki huipandisha pistoni kwa milimita 0.14 tu. Bisibisi huonekana imesimama wakati krenki bado ina safari.

Njia sahihi ni ya kizuizi. Boliti yenye ncha laini na ya mviringo hufungwa mahali pa plagi kwa namna ya kuizuia pistoni kabla haijafika juu. Flaiwili huzungushwa kwa mkono taratibu upande mmoja hadi pistoni iguse, alama ikawekwa kwenye flaiwili mkabala na alama isiyohama ya bloki, kisha huzungushwa upande wa pili hadi iguse tena, na alama ya pili ikawekwa. Katikati ya alama hizo mbili ndipo kilele halisi kilipo. Kazi hii huchukua dakika chache, haihitaji kifaa cha bei, na usahihi wake hauzidiwi na vifaa vingi vinavyouzwa.

Kilele kikishajulikana, nyuzi zinaweza kuhesabiwa ukingoni mwa flaiwili kwa kipande cha tepu. Flaiwili yenye kipenyo cha milimita 180, kwa mfano, ina mzingo wa milimita 565, na kila uzi huchukua milimita 1.6 hivi, kwa hiyo nyuzi 20 ni sawa na milimita 31 za tepu. Kisha hutumiwa taa ya taimingi, ambayo ni taa inayomulika kwa kupigapiga kila waya wa plagi unapopitisha umeme, hivyo kwamba alama inayozunguka huonekana imesimama. Kwa kuwa injini yenyewe haina betri, taa hiyo huhitaji betri ya volti 12 ya pembeni. Mwangalizi asome alama injini ikiwa polepole na tena ikiwa kasi. Katika injini yenye taimingi isiyobadilika alama haitakiwi kuhama kwa kiasi kikubwa. Ikicheza huku na huku, flaiwili imelegea au koili imechoka, na ikisimama imara lakini mahali pasipo pake, kii imepondeka. Nguo zilizolegea na vidole vikae mbali na flaiwili iliyo wazi.

Flaiwili hutolewa kwa pula, kifaa kinachovuta kutoka katikati, wala si kwa nyundo ya ukingoni, ambayo huvunja sumaku na kupasua mapezi. Kii ikiisha kutolewa itazamwe kwenye mwanga: upande wowote wenye ngazi, hata ngazi ndogo, unatosha kuitupa, na kii mpya ya kiwandani ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kabisa katika injini nzima. Koni zote mbili husafishwa hadi ziwe kavu, na kama zimekwaruzika husuguliwa pamoja kwa dawa ya kusugulia valvu, kisha dawa yote huoshwa kabla ya kufunga.

Kwa ufupi: kilele kwanza, taa baadaye, pula mwisho.

Neno kuhusu injini za mipigo miwili

Gokati nyingine hutumia injini za mipigo miwili, ambazo huwaka kila mzunguko. Katika zile za kizamani, kama familia ya Yamaha KT100 yenye ujazo wa karibu sentimita 100, taimingi hupimwa kwa milimita badala ya nyuzi: geji ya saa huingizwa katika tundu la plagi na kuonyesha pistoni iko umbali gani chini ya kilele wakati cheche inapotakiwa kutoka. Njia hizo mbili zinasema jambo lile lile, lakini milimita haziwezi kuhamishwa kutoka injini moja hadi nyingine bila hesabu, kwa sababu zinategemea urefu wa mwendo wa pistoni na wa konrodi. Katika GX200 nyuzi 20 ni sawa na milimita 2 na ushei, na nyuzi 24 zinakaribia 3. Injini mpya kama Rotax Max, iliyoingia sokoni mwaka 1997, zina kisanduku cha umeme kinachoamua taimingi chenyewe, na mshindani hana la kusogeza.

Kii ya dola chache na mkia wake

Kinachovutia wengi ni kii iliyopindishwa, yaani kii ambayo nusu yake ya juu haiko sawa na ya chini, hivyo kuihamisha flaiwili kwa nyuzi 4 mbele. Nchini Marekani huuzwa kwa bei isiyofika dola 10. Kwa fedha hiyo, mtu huahidiwa nguvu ambazo kwa kawaida haziji, na sababu ni gavana.

Gavana ni kifaa kinachofunga mafuta injini inapofikia mwendo uliowekwa, ambao kwa injini za kazi ni mizunguko 3,600 hivi kwa dakika. Taimingi ya kiwandani imechaguliwa kwa mwendo huo. Kuitanguliza kwa nyuzi 4 huku gavana akiwa mahali pake hubadilisha wepesi wa kuitikia mafuta kidogo, na huongeza hatari ya kurudisha kamba, lakini mwendo wa mwisho hubaki pale pale. Mnunuzi akigundua hilo, huondoa gavana, na hapo ndipo hesabu halisi inapoanza.

Kani inayotaka kuisambaratisha flaiwili huongezeka kwa mraba wa mwendo. Kutoka mizunguko 3,600 hadi 6,000 kwa dakika mwendo umeongezeka kwa theluthi mbili, lakini kani hiyo imezidishwa karibu mara 2.8. Flaiwili ya kiwandani ni ya chuma cha kusubu, na haikukusudiwa kuvumilia hayo. Ikipasuka, vipande vyake hupita katika bati la kifuniko bila kuzuiwa, na katika gokati mbavu za dereva ziko karibu na hapo. Konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenki, ni ya alumini na huvutwa kwa kani inayoongezeka kwa kanuni ile ile hadi ikatike na kutoboa bloki. Springi za valvu nazo ni dhaifu kwa mwendo huo, hivyo valvu huchelewa kufunga na nguvu hukoma kuongezeka. Kwa hiyo kii ya chini ya dola 10 huja na mkia ufuatao, kwa makadirio ya bei za rejareja za Marekani:

- Flaiwili iliyochongwa kwenye alumini nzima: dola 100 hadi 180.
- Konrodi ya aina hiyo hiyo: dola 60 hadi 100.
- Springi ngumu za valvu: dola 10 hadi 20.
- Kabureta iliyorekebishwa, chujio na ekzosi: dola 100 na zaidi.
- Klachi inayostahimili mwendo mpya: dola 50 kwa ya kawaida, mara kadhaa ya hapo kwa ya sahani.

Jumla hupita dola 300 hata kwa anayechagua ya bei ya chini kila mahali, ilhali nakala nzima ya Kichina ya injini hiyo kwa miaka mingi imeuzwa Marekani kati ya dola 100 na 200. Gharama zisizo kwenye orodha ni nyingi vilevile: injini inayozunguka kasi zaidi hula tairi na mnyororo, hudai mafuta ya kulainisha yabadilishwe mara nyingi, na huhitaji sprokete nyingine ili mwendo wake mpya uendane na uwanja.

Mpangilio wa matumizi ni muhimu kuliko kiasi chake. Mtu mwenye bajeti ndogo huelekea kununua kwanza kinacholeta kasi, akiahirisha kinachozuia ajali hadi mwezi ujao, na mwezi ujao huwa na mahitaji yake. Utaratibu wa busara ni kinyume: flaiwili na konrodi hununuliwa kabla gavana hajaguswa, springi hufuata, kisha kabureta na ekzosi, na kii iliyopindishwa huwa ya mwisho, ikifungwa na kupimwa kwa taa kama ilivyoelezwa, kwa sababu nyuzi zilizoandikwa kwenye pakiti si lazima ziwe ndizo zinazotokea kwenye injini.

Jibu la lakiri

Vilabu vya Marekani vimeiona hesabu hii kwa macho. Daraja lililoanzishwa kwa ajili ya injini ya bei ndogo lilikuwa likigeuka, baada ya misimu michache, kuwa mashindano ya mafundi, ambapo injini iliyofunguliwa na kupangwa upya na bingwa iliuzwa kwa mara kadhaa ya bei ya dukani, na kijana aliyekuja na injini ya dukani akawa wa mwisho bila kosa lake.

Jibu la kampuni ya Briggs & Stratton lilikuwa injini ya LO206, inayotoka kiwandani ikiwa imepigwa lakiri ili isifunguliwe. Inatoa nguvu za farasi 8.8 hivi, na mwendo wake umefungwa kwa umeme usizidi mizunguko 6,100 kwa dakika. Taimingi haiguswi: kanuni zinadai flaiwili na kii za kiwandani kama zilivyo. Mshindani amebakiziwa marekebisho madogo ya kabureta, klachi na sprokete, na watoto hutofautishwa na watu wazima kwa kipande cha kabureta kinachozuia mafuta kulingana na umri. Bei yake ni ya juu kuliko nakala ya Kichina, lakini haina mkia, na ukilinganisha gharama ya misimu miwili au mitatu badala ya siku ya ununuzi, hiyo ndiyo ya nafuu.

Kabla ya kununua kipuri chochote, kitabu cha kanuni cha daraja husika kisomwe, maana kii ya nyuzi 4 inatosha kumfutia mtu matokeo pale inapokatazwa. Na msomaji ambaye tayari ameondoa gavana huku flaiwili ya kiwandani ikiwa bado mahali pake anaombwa asiiwashe tena injini hiyo hadi atakapoibadilisha.